Nilivyoingia maabara kabla ya matokeo ya kidato cha nne

Nikisikia kijana anaambiwa "maabara ni kuosha vichupa tu, kasome kitu cha maana", damu inanichemka. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na mtu mzima niliyemheshimu sana.

Mtihani tulimaliza Novemba. Badala ya kukaa nyumbani kusubiri matokeo, nikaenda na mama kuomba kujifunza kwenye kituo cha afya, huku kwetu Muheza. Koti jeupe nilipata la mtumba, elfu kumi hivi. Malipo hakuna, nauli juu yangu. Chanjo ya homa ya ini B usiipuuze, ni dozi tatu, anza mapema.

Dada wa maabara alinipokea kwa sharti: "Mdogo wangu, wiki mbili za kwanza damu huigusi. Unaangalia, unaandika rejista." Nikaandika mpaka nikayajua majina ya nusu ya kata.

Kilichonifunza kazi ni slaidi ya malaria, kile kioo cha kupakia damu. Inabeba tone nene na tone jembamba lililotandazwa. Jembamba linapitishwa kwenye methanoli, spiriti ya kushikiza damu kwenye kioo, nene haliguswi kabisa, maana maji ya rangi lazima yapasue chembe nyekundu ndipo vimelea vionekane. Hilo nililijua kwa moyo. Lakini Jumatatu moja benchi limejaa, nikazamisha slaidi nzima nzima, zote sita. Nikaweka rangi ya Giemsa, dakika kumi, nikasuuza. Kwenye darubini chembe nyekundu zimelaliana tabaka juu ya tabaka, huoni chochote. Dada akatazama slaidi mbili, akanyamaza, kisha akasema, "Toka ukawaite wagonjwa mwenyewe, watolewe damu tena."

Nikatoka. Niliwaomba radhi mmoja mmoja, nikawaambia kosa ni langu. Mama mmoja mwanawe alikuwa amelala mgongoni. Akamfungua kanga taratibu, akakishika kile kidole kidogo, akanipa bila neno. Nakiona mpaka leo.

Tangu siku hiyo slaidi naishika upande wa tone nene, naiinamisha jembamba likiwa chini, methanoli isipate njia ya kupanda. Na gazeti halikosi mezani: tone nene likiwa bado bichi, weka slaidi juu ya maandishi. Yakisomeka kwa taabu, unene ni sawasawa. Rangi nayo usiimwage, ongeza maji polepole pembeni mpaka utando wa juu uelee utoke, la sivyo utabaki na vidoa utakavyoviita vimelea.

Wengine walinicheka, eti vipimo vya haraka vya malaria, visivyohitaji darubini, vimeua darubini. Akaja baba mmoja aliyemaliza dawa wiki mbili nyuma, kipimo cha haraka bado kinaonyesha malaria. Dada akaniachia slaidi. Nikapita maeneo 100 ya slaidi kwenye darubini, nikarudia, hakuna hata kimelea kimoja. Kile kipimo kilikuwa kinanusa mabaki ya protini tu, ambayo hukaa kwenye damu wiki kadhaa baada ya kupona. Homa ikatafutiwa sababu nyingine.

Matokeo yakatoka, Baiolojia, Kemia na Fizikia zimekaa vizuri, nikaingia stashahada ya maabara ya miaka mitatu. Siku ya kwanza ya vitendo mwalimu akatugawia slaidi na sindano, akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono, nikaomba gazeti.