Siku moja maishani mwangu: najenga chumba cha mtu mkimya

Saa kumi na moja alfajiri

Siamshwi na jogoo. Naamshwa na friji ya jirani: ikianza kunguruma, najua umeme umerudi. Leo umerudi usiku wa manane na bado upo, kwa hiyo betri zangu mbili zimeshiba. Nanyata hadi gereji kuzitazama. Kila moja ni ya volti 12 na ampea-saa 100. Nikizitumia nusu tu ili zisife mapema, zinanipa kama saa nane za spika ndogo tisa, moja ya besi na taa ya wati tano. Jenereta ninayo, lakini nani atasikia kimya pembeni ya jenereta?

Huu ndio muda ninaoupenda kuliko yote hapa Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, Kongo. Hakuna wa kusalimia. Msinielewe vibaya, salamu ni nzuri, ila kwetu Lubumbashi salamu moja ina wajomba, mashangazi na bei ya unga ndani yake.

Mkate wangu unatoka kwenye harusi. Nakodisha spika na taa, nafunga nyaya, nakaa nyuma ya miksa mpaka usiku wa manane. Watu hucheka: mtu asiyependa sherehe anaishi kwa sherehe! Lakini nyuma ya miksa hakuna anayekuuliza kwa nini huchezi. Una shughuli, basi.

Siku zisizo na harusi, kwa miezi minne sasa, najenga chumba. Si picha ya kutundika ukutani. Ni kitu unachokiingia kwa miguu yako, mwanga na sauti vikakuzunguka pande zote. Sanaa ya aina hii niliijua kwa jasho: jiji letu lina Biennale yake, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu 2008, iliyoanzishwa na jumuiya ya wasanii wa Picha, na mwaka mmoja niliitwa kuvuta nyaya. Nilipomaliza kuvuta nikabaki mle ndani kwenye giza mpaka wakanitafuta.

Leo jioni ni mara ya kwanza watu wataingia kwangu.

Saa moja

Mama wa bukari, ugali wetu, anawasha makala, yaani mkaa, mbele ya gereji. Sauti yake hufika kabla ya moshi.

"Jambo mwanangu! Uko na kasirani?"

"Hapana, mama. Niko mzima."

"Sasa mbona unanyamaza?"

Swali hili nimeulizwa tangu shule ya msingi. Lugha yetu ina majina mengi ya mtu mkimya, na karibu yote ni mashtaka: anajisikia, ana maringo, ana kinyongo. Mpole? Mpole anaweza kuongea kutwa nzima. Mpweke ni yule aliyekosa watu. Mimi watu ninao, nachoka tu wakizidi wanne. Na methali inatuongezea kesi: kimya kingi kina mshindo mkuu, utadhani kila anayenyamaza anapanga kuvunja nyumba ya mtu. Carl Jung, daktari wa Uswisi, mwaka 1921 aliwagawa watu kwa upande nguvu yao inakoelekea, nje kwa watu na vitu au ndani. Habari ya maringo hakuitia humo. Lakini nenda kamweleze hivyo shangazi yako kwenye matanga.

Saa mbili na nusu

Spika ya tisa imechanika koni, ile karatasi yake inayotetemeka. Ni ufa mdogo, urefu wa kucha, lakini sauti ya mtu ikipita hapo inatoka kama ya nzi ndani ya chupa. Nachana karatasi laini ya choo, naiweka juu ya ufa, napaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, naacha ikauke, napaka tena. Kisha naisukuma koni kwa vidole viwili, kushoto na kulia kwa pamoja, polepole, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku na hapo hakuna dawa. Inashuka, inapanda, kimya. Nairudisha kona ya mwisho.

Kila spika kati ya hizo tisa ina sauti ya mtu mmoja akiongea kama aongeavyo harusini. Sikurekodi wageni kwa siri. Ni ndugu na marafiki, walijua, tena walifurahi mno. Mmoja anasifu nyama. Mmoja anaulizia kazi. Ya tisa ni dada mmoja anayeuliza, kwa upendo kabisa, una watoto wangapi, na kwa nini, na lini.

Saa nne

Nimepanda moto, yaani pikipiki, hadi Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, kwa fundi wa shaba. Jiji hili limeyeyusha shaba tangu 1911, na bomba refu la kiwanda bado tunalitumia kuelekezana njia, lakini mafundi wanaoifua kwa nyundo mezani wewe mwenyewe lazima uwatafute. Anaupasha bamba moto mpaka uwe mwekundu, anauzamisha majini ushhh, unalainika. Kisha kila pigo la nyundo linaukaza tena kidogo, na ukikaza sana anaurudisha motoni. Namwomba mabamba mawili ya mwisho.

"Nikutie tembo? Twiga? Au msalaba wa shaba, wazungu wanaupenda."

"Usitie kitu, papa. Uyafue tu, yawe na mabonde."

Anaweka nyundo chini. "Bila picha? Sasa watu watatazama nini?"

Hapo nikalazimika kuongea dakika ishirini. Nilimwambia habari za Yayoi Kusama, mama msanii wa Kijapani ambaye tangu utotoni aliona madoa yakifunika kila kitu mbele yake, na mwaka 1965 huko New York akajenga chumba cha vioo, ili na wengine wasimame katikati ya kitu kisicho na mwisho. Tangu 1977 anaishi kwa hiari yake hospitali ya magonjwa ya akili Tokyo, na kazi anaendelea nayo. Mimi vioo nilivifikiria nikaviacha. Kioo kinakurudishia uso wako, na uso ndio mzigo tunaoubeba kutwa mbele za watu: cheka hapa, shangaa pale. Shaba inameza bluu na kijani ya mwanga, inarudisha wekundu. Ikifuliwa mabonde haikuonyeshi uso. Unajiona kama doa la moto linalosogea ukisogea. Upo, ila hakuna wa kukusoma.

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe unajua kuongea," akasema, akanipunguzia dola mbili.

Saa saba

Bukari, sombe (majani ya muhogo) na ndakala, vile visamaki vikavu. Nimehesabu: tangu asubuhi nimeongea na watu kumi na tisa, bila simu. Mwenye gereji anataka kujua kama ni kanisa. Mwenye kukodisha turubai anataka malipo. Kujenga mahali pa kunyamaza kunadai maneno kuliko harusi tatu.

Saa nane

Mablanketi. Kijana anayenisaidia ameleta trei za mayai, ana hakika zinazuia sauti. Hazizuii, zinapunguza kidogo tu makali ya sauti nyembamba, na zinashika moto vibaya. Blanketi zito lililoachwa wazi kiasi cha kiganja kutoka ukutani linafanya kazi zaidi kuliko lililobandikwa. Tukabishana, tukajaribu kwa kupiga makofi, akakubali.

Mpango ni huu. Unaingia kwa ujia wa mablanketi wenye kona, mwanga ukipungua hatua kwa hatua, maana jicho linahitaji kama nusu saa kuzoea giza vizuri na sina ujia wa nusu saa. Unatokea ukumbini, zile sauti tisa zote kwa pamoja. Hazipigi kelele. Zinakupenda tu, zote, kwa wakati mmoja. Mbele yako kuna mlango wa chini, inabidi uiname. Ndani ni chumba cha mita mbili kwa mbili, shaba pande nne, kigoda, na beseni la maji chini ya taa moja. Zile sauti zinakufuata lakini blanketi limezivua maneno: unasikia mwendo wake tu, kama mvua ya jirani. Chini ya beseni spika ya besi inavuma chini sana, sikio halina hakika. Maji yanatetemeka, mwanga unayapiga, na kuta nne zinaanza kutembea.

Ndivyo ninavyokuwa harusini. Naona na kusikia yote. Nimekaa tu chumba cha pili.

Nasugua mabamba kwa ndimu na chumvi. Alama za vidole vyangu zinaondoka, zinabaki mbili tatu karibu na mlango. Nikaziacha.

Saa kumi

Mvua! Ya kwanza tangu kiangazi, juu ya bati, kama lori la changarawe linamwagwa. Maua ya mijakaranda yamelala barabarani. Majaribio yamesimama, hata ukipiga kelele sikioni mwa mtu hasikii. Msaidizi wangu analaani. Mimi nimekaa juu ya kreti, nina furaha isiyosemeka: saa nzima, na hakuna anayeweza kunipigia simu.

Saa kumi na mbili jioni

Wameingia sita. Mtoto wa jirani alitoka baada ya dakika moja: "Mle kuna giza tu." Mzee zamu, mlinzi wetu, alivua viatu bila kuambiwa, akakaa mpaka nikadhani amelala, alikuwa amelala. Rafiki yangu wa harusini, mpiga ngoma, alitoka na maneno mengi sana ya sifa na sikukumbuka hata moja.

Mama wa bukari alikuwa akimalizia sufuria. Akamwachia zamu, akafunga kikwembe upya, akainama mlangoni na mwili wake wote. Nilingoja sauti yake. Haikutoka. Wateja wawili walikuja, zamu akawapimia bukari vibaya. Dakika kumi, ishirini, karibu nusu saa.

Alipotoka alisimama akifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Iko spika moja, ile ya ku kona ya mwisho. Inakwaruza."

Nikamwambia hapana, ile nimeitengeneza asubuhi, nimeipima kwa mkono.

"Haikwaruzi ku ukumbi. Ukiwa kule ndani ndiyo unasikia. Pale yule mwanamke anauliza watoto. Kila akisema watoto, krr."

Akarudi kwenye sufuria, akaanza kumgombeza zamu.

Nikachukua tochi na bisibisi. Nikazima spika nane, nikaiacha ya tisa, nikainama nikaingia chumba cha shaba, nikakaa kwenye kigoda. Maji yakatulia. Una watoto wangapi, akauliza dada. Krr. Unyevu wa mvua ulikuwa umeilegeza karatasi.