Kistari hakisomwi: mkazo wa "old-fashioned" na wenzake

Kuna vile vivumishi vya Kiingereza vyenye kistari katikati, "old-fashioned", "well-known", "short-sighted", na wengi wetu tukifika kwenye kistari tunapumzika kidogo halafu ndo tunaendelea, kama vile ni maneno mawili. Kistari ni cha macho tu jamani, mdomoni hakipo, hakiongezi silabi wala hakikati pumzi.

Silabi zenyewe zinatusumbua kwa sababu za kwetu karibu zote zinaishia na vokali, basi "well-known" inatutoka "welinoni", silabi nne, wakati kwao ni mbili tu. Na ile -ed ya mwisho mara nyingi haina silabi yake, "well-dressed" ni mbili, "old-fashioned" ni tatu. Ikitanguliwa na sauti ya t au d ndo inapata yake, short-sigh-ted. (Ila "three-legged" wengi wao wanasema leg-ged, hiyo uikariri tu.)

Sasa mkazo, hapa ndo patamu. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, neno likirefuka nao unasogea: kiTAbu, kitaBUni. Kiingereza nacho kinasogeza ila sababu yake ni nyingine kabisa. Ukisema mtu fulani "is well-KNOWN" ukaishia hapo, mkazo mkubwa uko nyuma. Ukifuatisha nomino, "a WELL-known WRIter", mkazo unakimbilia mwanzo, maana KNOWN na WRI zingekaa bega kwa bega, mapigo mawili mazito yanagongana, na masikio yao hayapendi hivyo. Ndo maana hata thirTEEN inageuka THIRteen MEN.

Sio vyote vinahama lakini. "TIME-consuming" mkazo uko mwanzo siku zote, kwa sababu hapo "time" ndo kitu kinacholiwa na hicho kitendo, "breathtaking" vilevile. "Good-LOOKing" haiko hivyo, "good" hailiwi na mtu, kwa hiyo yenyewe inahama.

Kwenye kamusi, kamstari kadogo ka juu kanakaa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu na ka chini kabla ya ule mdogo, ila nyingi zinakuonyesha neno likiwa peke yake. Kwa hiyo walimu wenzangu, tusifundishe neno tupu, tuwape wanafunzi zote mbili wazitamke kwa sauti: "the dress is old-FASHioned", halafu "an OLD-fashioned DRESS".