Hilux ilipokosa cheche: nilivyoufuata umeme hadi kwenye kiwaya kimoja

Hilux yangu ni ya 1979, ya petroli, injini 18R, na kazi yake ni kuingiza nazi na mihogo Tanga mjini kutoka upande wa Tongoni. Haina kompyuta. Ina koili inayokuza volti za cheche, kondensa inayosaidia kontakti kukata umeme, distribyuta inayogawa moto kwa plagi, na kontakti, yaani swichi ndogo ndani ya distribyuta inayofunga na kukata umeme wa koili. Mtu mwenye subira anaweza kuupima mfumo wote wa moto kwa balbu ndogo na vipande viwili vya waya. Naandika kwa sababu inaniuma kuona pikapu nzima zikiuzwa chuma chakavu kwa ugonjwa kama ulionipata.

Siku hiyo stata ilizungusha injini vizuri, lakini gari halikushika. Nilifungua plagi, nikaikuta imelowa petroli. Basi mafuta yanafika, kinachokosekana ni moto. Nikachomoa waya mnene wa koili katikati ya kifuniko cha distribyuta, nikaufunga kwa mpira mkavu ncha yake ikiwa milimita chache kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Mwanangu akapiga stata. Hakuna cheche. Hapo nikaacha kuhangaika na plagi, nyaya zake, rota na kifuniko, kwa kuwa vyote hivyo hupokea moto ambao tayari umeshatoka kwenye koili.

Jirani alinishauri ninunue koili nyingine. Sikutaka kununua kwa kubahatisha. Koili haitoi cheche kwa kupata umeme tu. Kontakti zikifunga, umeme wa volti 12 hupita ndani yake na kujenga sumaku. Kontakti zikiachana ghafla, sumaku ile huanguka, na ndipo hutoka volti zinazoweza kupita 20,000. Asipokuwepo wa kuukata umeme huo, koili mpya nayo itakaa kimya.

Nikafunga waya mmoja wa balbu kwenye bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri, wa pili nikaugusisha kwenye chanya ya koili, funguo ikiwa imewashwa. Balbu ikawaka. Nikahamia kwenye hasi, mwanangu akapiga stata tena. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote: kontakti zikifanya kazi, balbu huwaka na kuzima injini inavyozunguka. Yangu iliwaka moja kwa moja.

Nikampigia fundi mmoja mzee wa Ngamiani, ambaye magari ya kontakti ndiyo yaliyomlea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Balbu inasemaje kwenye hasi?”

“Imewaka tu, haizimi.”

“Basi umeme haupati njia ya kwenda bodi. Koili iache hapo hapo. Fungua distribyuta, upime kidogo kidogo.”

Kwanza nilitaka kuiona koili kwa macho yangu. Nikachukua kipande cha waya, nikagusisha hasi ya koili kwenye bodi kisha nikakiondoa. Tap! Cheche ya buluu ikaruka kutoka kwenye waya mnene. Koili nzima kabisa.

Kontakti zilikuwa na weusi kidogo, na upepo wa chumvi wa huku kwetu ulishaacha ukijani kwenye skrubu. Nikapitisha msasa laini, nikafuta vumbi lake kwa kitambaa kisafi, nikaweka nafasi ya milimita 0.45. Balbu bado haikuzima. Nikatoa waya wa koili kwenye distribyuta, nikafunga balbu kwenye chanya ya betri, nikageuza injini hadi kontakti zikafunga. Nilipougusisha waya wa pili wa balbu kwenye mkono wa kontakti, balbu iliwaka, maana yake hapo bodi inapatikana. Nilipougusisha kwenye skrubu ya nje ya distribyuta, giza. Kati ya sehemu hizo mbili kuna kiwaya kifupi tu, hakifiki urefu wa kidole.

Kwa macho kilikuwa kizima. Nilipokivuta taratibu, mpira wake ukarefuka kama utepe wa lastiki, kwa sababu shaba ya ndani ilishakatika. Na ni lazima kikatike siku moja: kila unapokanyaga mafuta, vakyumu, yaani mvuto wa hewa wa injini, huvuta kibati kinachobeba kontakti, na kiwaya hujikunja nacho, miaka nenda rudi.

Nilitafuta waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai: hukatika upesi na huzuia kibati kisicheze. Nikauchomea kwa risasi, nikauacha ulegee kidogo bila kugusa mhimili. Balbu ikaanza kuwaka na kuzima, na nilipourudisha waya mnene mahali pake gari likashika.

Kwa kuwa kubadili nafasi ya kontakti husogeza taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, niliipima na kuirekebisha siku hiyo hiyo. Waya wa bodi wa kibati nao nikaubadilisha, maana umri wao ni mmoja na hujikunja pamoja.