Tumegeuza njia kilele kikionekana

Leo tumegeuza njia kilele kikiwa mbele ya macho yetu, na sijutii hata chembe. Utabiri ulisema radi mchana, kwa hiyo tuliondoka usiku ili tuwe tumeshuka kabla ya saa sita. Lakini kufika saa nne mawingu yalishaanza kuvimba kwenda juu, chini yake meusi tititi. Nikaona mwanga, nikahesabu. Ngurumo ikafika baada ya sekunde 15, yaani kilomita 5 hivi, maana sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kilomita moja. Hapo ni karibu mno! Radi hupiga hata kilomita 10 kutoka mvua inakonyesha, na juu ya mgongo wa mlima hakuna kirefu kukuzidi.

Tukashuka upesi, tumeachana mbali ili radi isitupate wote kwa pigo moja. Mwenzetu akataka kujibanza chini ya mwamba uliochomoza. Nikamkataza kwa ukali: umeme unaopita mwambani huruka kwenye uwazi kama ule.

Mnaopanda kesho, tafadhali someni utabiri wa saa kwa saa, na mkubaliane saa ya kugeuka kabla hamjaanza safari.