Daftari la vitabu nilivyosoma

Vitabu vingi nilivyosoma hapa Lindi si vyangu. Ni vya maktaba, vya walimu wenzangu, vingine vya watu waliokwisha kuhamishwa na kuondoka navyo. Kitabu kinakaa kwangu wiki mbili tatu, kinarudi kwa mwenyewe, na mara nyingi hatuonani tena. Ndiyo maana nalithamini daftari kuliko hata vile vichache vilivyoko rafuni, ambavyo hewa ya bahari inavitia ukungu taratibu.

Ni kaunta buku la kawaida, kama lile ambalo makarani wa vyama vya msingi wanaandikia kilo za korosho. Naandika jina la kitabu, mwandishi, mchapaji na mwaka, siku niliyoanza, siku niliyomaliza, na aliyeniazima. Mwaka na mchapaji ni muhimu, kwa sababu ninaponukuu sentensi naiwekea na namba ya ukurasa. Toleo likibadilika, kurasa zinahama na sentensi huioni. Nukuu zote naziandika kwa mkono. Nikipiga picha kwa simu, zinapotelea kati ya picha za harusi, lakini sentensi iliyopita mkononi mwangu inakaa.

Kitabu kikinishinda nakiandika pia, na ukurasa nilioishia, na sababu. Vingine nimevirudia na kuvimaliza kwa sababu niliisoma ile sababu nikaona haina nguvu tena.

Vijana hupenda kuniuliza nimesoma vingapi mwaka huu. Sihesabu. Hesabu humfanya mtu akimbilie vitabu vyembamba.

Baada ya hayo yote ndipo yanapokuja maneno yangu mwenyewe, na hapo ndipo penye utamu. Tamthilia ya Kinjeketile ya mwaka 1969 nimeisoma zaidi ya mara moja. Mwandishi wake, Ebrahim Hussein, ni mzaliwa wa mkoa huu, na vita anavyovieleza, vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907, vilipita Liwale na Kilwa, kwa wazee wetu. Mwishoni Mjerumani anamtaka Kinjeketile, aliyewapa watu maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru, atamke kwamba maji hayo yalikuwa uongo, naye anakataa. Nilipoisoma nikiwa mwanafunzi niliandika mstari mmoja tu: "Kwa nini asikane, aokoe roho yake?"

Nilipoisoma tena, nikiwa mama wa watoto, nilijaza ukurasa mzima, na sehemu kubwa ni juu ya Kitunda, yule anayeyatilia shaka maji na kutaka watu wafundishwe vita kwanza. (Kwetu Lindi, Kitunda ni ng'ambo ile tunakovuka kwa pantoni, kwa hiyo jina lilinishika mapema.) Kuhusu Kinjeketile sikuuliza tena swali la zamani. Niliandika kwamba angekana, watoto wa waliokufa wangebaki na nini cha kusema juu ya baba zao? Maandishi yote mawili ni yangu. Bila daftari ningeapa kwamba tangu mwanzo niliwaza kama mama, na yule msichana aliyetaka mtu aokoe roho yake ningekuwa nimemsahau kabisa. Nampenda, na swali lake bado ni swali zuri.

Kwa hiyo sifuti wala sirekebishi ya nyuma. Nikibadili mawazo, naandika upya, na tarehe mpya.

Kurasa za mwisho ni za vitabu ninavyovitafuta. Juu kabisa pameandikwa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hapahapa, toleo la 1957 lenye tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Nataka kuusoma sambamba na ile tamthilia, vita vilevile kwa macho mawili. Mwenye nakala aniazime, ndugu zangu. Nitaitunza, nitainukuu kwa mkono, na nitairudisha.