Valvu ya sindano, valvu ya boda: nilivyoishia na zote mbili

Baiskeli yangu ina valvu za upepo zisizofanana. Gurudumu la mbele lina ile nyembamba, Presta, na la nyuma lina nene kama ya gari, Schrader. Kila Jumamosi pale geti la msitu wa Karura, la upande wa Kiambu Road, hakosi mtu wa kunicheka. Wacheke. Tangu niiweke hivyo sijaisukuma hadi nyumbani Zimmerman kwa miguu hata mara moja, na kati ya wanaonicheka wapo walioisukuma yao.

Niliinunua ya mtumba, inchi 26, rimu pana, tairi za 2.1. Nilibonyeza tairi kwa kidole gumba, nikazungusha pedali, nikabishana bei mpaka ikashuka kama elfu tatu hivi, nikaondoka nikijiona mjanja. Valvu sikuiangalia. Nani huangalia valvu? Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kile kijisindano chenye kinati kichwani. Mimi nimekulia Butere, juu ya karia ya baiskeli ya babu, Black Mamba, na valvu niliyoijua ni ile yenye kimpira ndani: kikizeeka unakata kingine, safari inaendelea. Hii ilikuwa mgeni kabisa.

Nikamuuliza jamaa mmoja wa kundi letu la Jumamosi, mtu wa kaptura za kubana na miwani ya rangi. Akasema, "Bro, hiyo ndiyo valvu ya waendesha baiskeli. Ile nene ni ya boda, nzito bure." Nikaamini. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu, maana tofauti ya uzito kati ya valvu hizo mbili ni gramu chache tu, na asubuhi ile mimi nilikuwa nimekula chapati nne.

Basi mwiba ukanipata karibu na mapango ya Mau Mau, ndani kabisa ya msitu. Kiraka nilikuwa nacho, solusheni nilikuwa nayo, nikaziba vizuri sana. Pampu? Pampu ilikuwa nyumbani nyuma ya mlango. Nikaisukuma baiskeli mpaka nje, barabarani, hadi kituo cha kwanza cha mafuta, nikasimama kwenye foleni ya upepo nyuma ya pikapu ya sukumawiki.

Kijana wa pale akainama, akaangalia valvu, akaniangalia mimi. "Mkubwa, hii si ile ya kujazia mpira wa futboli?" Kabla sijajibu akaukandamiza mdomo wa mashine juu ya sindano kwa nguvu zake zote. Upepo ukatoka kila mahali isipokuwa ndani ya tyubu. Vumbi likaruka, mwenye pikapu akacheka mpaka akashika kiuno. Kijana alipoinua mkono, sindano ilikuwa imeinama kama mtu anayetafuta funguo. Kumbe kile kinati cha kichwani hatukuwa tumekilegeza, na kisipolegezwa upepo hauingii hata ukiuomba. Hilo hakuna aliyekuwa ameniambia. Yule wa kaptura, kimya.

Nikainyoosha kwa vidole pole pole, moyo ukinidunda, maana kile kijiti kikivunjika huna jingine. Hapo akaja mzee mmoja wa boda aliyekuwa akinywa chai kando. Akaomba kile kifuniko cha plastiki cha valvu. Akatoa wembe mfukoni (usiniulize kwa nini alikuwa na wembe), akakata ncha ya kifuniko, kipande kidogo kama punje ya mchele. Akalegeza kinati mpaka mwisho, akaigonga sindano kidogo kwa ukucha ikatoa "tss", akasema, "Sasa imeamka." Kisha akakirudisha kifuniko kwenye valvu, tundu lililokatwa likiwa njia ya upepo, ili mdomo wa mashine upate kitu kinene cha kung'ata. Akamwambia kijana, "Weka polepole, usiisukume kama unasukuma matatu." Upepo ukaingia. Nusu ulivuja pembeni, lakini tairi ikasimama. Nilimpa mia ya chai akaikataa kwanza, halafu akaipokea.

Kesho yake nikanunua kile kidude cha shaba kinachofungwa juu ya Presta ili ikubali pampu ya gari. Bei ilikuwa mia na kitu, nimesahau. Kama una valvu nyembamba na unakaa Nairobi, kinunue leo, na kiache kwenye valvu yenyewe, sio kwenye begi. Mfukoni kinapotea pamoja na chenji.

Lakini roho yangu ilikuwa imeshaamua: nataka valvu ya boda. Kila kona ya mji huu kuna fundi wa pikipiki, na kila fundi wa pikipiki ana upepo wa Schrader. Halafu nikajua pia kwa nini Presta ipo. Tundu lake kwenye rimu ni kama milimita 6.5, la nene ni kama 8.5. Kwenye rimu nyembamba ya baiskeli ya barabarani, hizo milimita mbili zinakula chuma kingi, na wale hujaza presha za juu. Mimi na tairi zangu za mlima hujaza PSI 30 (kile kipimo cha presha), siku ya mawe 35. Rimu yangu ni pana kama sinia. Inayo nafasi ya kutobolewa. Ya barabarani usijaribu.

Fundi wa kwanza, huku mtaani, akaweka drili, dakika mbili tundu likawa kubwa. Akafunga tyubu mpya, akajaza, nikalipa, nikaondoka kama mfalme. Sikufika Roysambu. Psss. Tyubu ilikuwa imekatwa pale pale kwenye shina la valvu, mkato msafi kama wa kisu. Nilipopitisha kidole ndani ya tundu kikatoka na damu: drili ilikuwa imeacha meno ya chuma pande zote na hakuna aliyejisumbua kuyalainisha. Tyubu ya kama mia tano imekufa karibu tu na dukani.

Nikarudi, tukagombana kidogo, halafu nikakaa mwenyewe na tupa ya duara na kipande cha msasa. Nilisugua mpaka nikaweza kuzungusha pamba ndani ya tundu bila uzi hata mmoja kunasa. Huo mtihani wa pamba ni wangu mwenyewe, nauza bure. Tangu hapo gurudumu la nyuma halijanisumbua, ila kifuniko chake usikipoteze, udongo mwekundu wa Karura ukiingia kwenye spring ya ndani valvu inaanza kuvuja kidogo kidogo.

Na la mbele? Tulipoligeukia, stima ikapotea. Tukangoja, fundi akafunga kazi, mimi nikaenda nyumbani, na mpaka leo halijatobolewa. Mwanzoni niliona aibu. Halafu nikagundua kitu: tyubu ya akiba nabeba moja tu, ya Presta, na inaingia magurudumu yote mawili. Nyembamba inaingia tundu kubwa, nene haiingii tundu dogo. Kwa nyuma naizungushia shina kipande cha tyubu kuukuu ili isicheze, kwa sababu ikicheza mpira unabanwa kwenye pengo na kukatika. Vipo vipete vya kupunguzia tundu, lakini kipande cha tyubu hakiniombi pesa.

Wiki mbili zilizopita nilimkuta yule jamaa wa kaptura kwenye kituo kile kile cha mafuta, tairi chini, kijana wa upepo amesimama mikono kiunoni. Hakunicheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Uko na kile kidude cha shaba?" Nikakifungua kwenye valvu yangu ya mbele nikampa. Mpaka sasa hajanirudishia.