Bodi ilijiwasha upya kila pampu ikizima, na fundi akaniambia ninunue kubwa

Ushauri wa "maliza kwanza lugha ya C (ya kuandikia programu) ndiyo ununue bodi" nimepewa na mafundi zaidi ya mmoja. Sikuufuata, na sijutii. Nilikuwa na shida ya nyumbani: tangi la bafuni linajaa, maji yanamwagika, aliyewasha pampu kalala. Nikashuka Kariakoo, nikarudi na Arduino Nano ya Kichina (bodi ndogo unayoiandikia programu), relei (swichi inayowashwa na bodi) na swichi ya boya, inayojifunga maji yakifika juu. Hela yenyewe ya kawaida tu.

Kompyuta ikikataa kuiona bodi, badilisha kebo kwanza, maana nyingine ni za kuchajia tu, hazina waya za data. Kisha weka kwenye kompyuta draiva ya CH340, chipu ya USB ya bodi hizi za Kichina.

Programu yangu ilisema hivi: tangi likijaa, zima pampu ya volti 12, na isiwake tena mpaka nusu saa ipite. Sasa ajabu yake. Maji yakifika juu, relei inalia ta, pampu inazima, boya linacheza kidogo, pampu hiyooo imewaka tena! Nusu saa gani hiyo? Fundi mmoja akaniambia nifute programu yote niandike upya. Mwingine, kwa kujiamini kabisa, akasema Nano haina nguvu, ninunue bodi kubwa. Chipu ya megahezi 16 ishindwe kuzima pampu moja!

Nikafanya ujanja ambao mpaka leo naringa nao. Kilichomo ndani ya setup() hufanyika mara moja tu, bodi inapoamka. Nikaweka humo mistari michache ya kumulikisha taa ndogo ya kwenye bodi (pini 13) mara tano harakaharaka, nikajikalia kando ya tangi kusubiri. Relei ta! Taa pwi-pwi-pwi-pwi-pwi. Kumbe bodi inazimika na kuanza upya, na nusu saa yangu inasahaulika palepale. Hata ningeiandika ile programu mara mia, ingekuwa vilevile.

Bodi na pampu zilikuwa zinakula adapta moja, nikazitenganisha. Ilisaidia pampu inapowaka, ila ikizima, mambo ni yaleyale. Mota ina koili, na koili ukiikatia umeme ghafla inatema volti kubwa, relei inapiga cheche, bodi inapigwa na kelele hiyo. Dawa ni daiodi moja ya 1N4007 (inapitisha umeme upande mmoja tu), bei yake ndogo tu. Unaiunga kwenye miguu miwili ya pampu, upande wenye mstari uende kwenye chanya. Ukiigeuza ni shoti, usije ukanitafuta. Hii ni kwa mota za DC tu (za umeme kama wa betri), na umeme wa ukutani wanaoanza wauache kabisa.

Boya nalo, mguu mmoja uende kwenye pini uliyoiwekea INPUT_PULLUP kwenye programu (inaishikilia pini ikiwa na umeme), mguu wake wa pili uende GND, yaani hasi ya bodi. Bila hivyo pini inaelea, hata mkono ukipita karibu inaweza kusoma kitu. Swichi ikifunga utasoma LOW, yaani hakuna umeme, usishangae.

Ukiomba msaada, tuma picha ya waya zako, maana ukituma programu peke yake utaambiwa ununue bodi kubwa. Na ile nusu saa usiiandike kwa delay (amri ya kusubiri), bodi itaduwaa muda wote huo na boya haitalisikia. Tumia millis, inayokupa muda uliopita tangu bodi iwake, huku programu ikiendelea.